Siku Inaanza Lini?

Leo nina swali ambalo ukimuuliza mtoto wa darasa la pili atakujibu papo hapo, na ukimuuliza bibi yake naye atakujibu papo hapo, ila majibu yao hayatafanana. Siku inaanza lini?

Tuseme mama mmoja kajifungua Alhamisi, saa tatu usiku. Mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Muuguzi anaandika kwenye kadi: Alhamisi, saa 3:00 usiku, na tarehe ya siku hiyo. Kwa ile desturi ya pwani ya kumpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, huyu ni Hamisi, na huko Unguja wataandika Khamis. Basi ndugu wanatumiana ujumbe: Hamisi kaja. Bibi mzaa baba, aliyekaa kwenye benchi tangu mchana na tasbihi yake mkononi, anawatazama na kuuliza: Hamisi wa wapi tena? Jua si limeshazama? Huu ni usiku wa Ijumaa. Mjukuu wangu ni Juma.

Hapo utasikia vijana wakicheka, kwamba bibi kachanganya siku. Bibi hajachanganya chochote. Anahesabu kwa hesabu iliyokuwapo pwani hii kabla ya hospitali, kabla ya kalenda za ukutani na kabla ya simu. Kwa hesabu hiyo usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likizama, Alhamisi imekwisha, na kiza kinachoingia ni cha Ijumaa. Ukimsikia mzee anasema maulidi yatasomwa usiku wa Ijumaa, usivae kanzu jioni ya Ijumaa ukaenda. Utakuta mikeka imeshakunjwa tangu jana.

Hesabu hii wala si ya Waswahili peke yao. Ni ya Uislamu wote, na ndiyo maana mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, watu husali tarawehe usiku ule ule, kabla hawajafunga hata siku moja. Mtu anayehesabu siku kuanzia saa sita ya usiku anaweza kushangaa: mfungo unaanza kesho, mbona sala za Ramadhani zimeanza leo? Hazikuanza leo. Kwa waumini, kesho imeshaingia pamoja na magharibi. Wayahudi nao huhesabu hivyo hivyo, na katika Biblia, kile kitabu cha kwanza ambacho kwa Kiswahili kimeitwa Mwanzo, siku za uumbaji zinahesabiwa kwa kutaja jioni kwanza, asubuhi baadaye. Ukiwa na jirani Msabato, Upare au Kisii, unalijua jambo hili bila kusoma popote: Ijumaa jua likianza kuinama anafunga duka lake, kwa kuwa Sabato yake inaingia na machweo, na Jumamosi jua likishazama yuko huru kuuza sukari.

Sasa muuguzi wetu naye kaipata wapi saa sita ya usiku? Hiyo ni hesabu ya Warumi. Siku yao ya kiserikali ilianza katikati ya usiku, Ulaya ikarithi, na wakoloni walipokuja na ofisi zao wakaja na mwanzo wao wa siku. Ni wakati wa ajabu kidogo wa kuanzisha kitu. Hakuna jogoo anayewika, hakuna adhana, hakuna jua, hakuna lolote la kuona kwa macho. Ila kwa karani wakati huo una faida moja kubwa: watu wengi wamelala, kwa hiyo tarehe inabadilika bila kumsumbua mtu. Wanaastronomia wa Ulaya, hata hivyo, waliikataa saa hiyo. Wao kazi yao ni usiku, na hawakutaka tarehe iwabadilikie wakiwa wanaitazama nyota ile ile. Wakaianza siku yao saa sita mchana, na wakaendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka 1924. Kuanzia Januari 1925 ndipo walipokubali kufuata hesabu ya watu wengine. Kwa hiyo ukiona bibi na muuguzi wanabishana juu ya jina la mtoto, kumbuka kwamba wasomi wa anga nao walikuwa na siku yao, tofauti na ya bibi na tofauti na ya muuguzi, hadi miaka mia moja tu iliyopita.

Kila mtu, kumbe, huianza siku pale ambapo haitamkatia shughuli. Mlinzi wa getini naye ana yake. Muulize saa nane usiku leo ni siku gani. Kama hajalala, kwake bado ni jana.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo wageni wanapotushangaa, na sisi wenyewe hatujiulizi. Saa moja asubuhi ya Mswahili ni saa saba ya Mzungu. Kila mwalimu wa Kiswahili kwa wageni hulieleza hili kwa kutaja jua: tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Ni kweli, ila maelezo hayo yamepita haraka mno. Jua linapochomoza sisi hatusemi ni saa sifuri, wala hatusemi ni saa moja. Tunasema ni saa kumi na mbili, wazee walisema saa thenashara. Yaani asubuhi yetu inafunguliwa kwa namba ya mwisho ya usiku. Saa moja haisemwi mpaka saa nzima ya mchana iwe imeshatimia. Mswahili hahesabu kitu ambacho bado hajakipata mkononi.

Nilipoanza kulitazama hili kwa makini, nikaona halipo kwenye saa tu. Taja siku za wiki taratibu, uzisikilize. Jumamosi ni Juma mosi, ya kwanza. Jumapili, ya pili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Wiki inaanza Jumamosi, na inaanza hapo kwa kuwa Ijumaa imekwisha. Ijumaa ndiyo siku kubwa, siku ya watu kukusanyika msikitini, na kuhesabu kunaanza baada yake.

Ukifika hapo unakutana na kichekesho ambacho tumeishi nacho miaka yote bila kucheka. Baada ya Jumatano, yaani ya tano, inakuja Alhamisi. Na Alhamisi, kwa Kiarabu, maana yake ni ya tano pia. Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza, kwa hiyo Alhamisi inaangukia ya tano. Sisi tumeanza Jumamosi, tukafika tano siku moja kabla yao, kisha tukaazima ya tano yao tukaipachika mbele ya ya kwetu. Wiki ya Kiswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana, na haina ya sita. Nadhani wazee waliziacha Alhamisi na Ijumaa na majina yake ya Kiarabu kwa sababu ya heshima: Ijumaa kwa sala yake, na Alhamisi kwa kuwa usiku wake, kama tulivyosema, ni wa Ijumaa. Hayo ni mawazo yangu, msikilizaji, si ya kamusi.

Leo ofisini wiki inaanza Jumatatu. Bosi anasema, tuianze wiki kwa nguvu, na jina la siku lenyewe linamwambia kwamba imeshafika ya tatu. Kalenda nyingi za ukutani huanza na Jumapili, ya pili, iliyowekwa kwenye safu ya kwanza. Hakuna anayelalamika. Namba zimelala ndani ya majina, na jina likizoeleka namba yake haisikiki tena. Wazungu wamepatwa na hilo hilo. Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba kwa Kilatini ni miezi ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi, kwa kuwa Warumi wa mwanzo walianza mwaka wao Machi. Baadaye mwanzo ukahamishiwa Januari, majina yakabaki pale pale, na Desemba, mwezi wa kumi kwa jina, ukawa wa kumi na mbili.

Lakini mahali ambapo tabia yetu hii inaonekana waziwazi kuliko kote ni kwenye miezi ya mwandamo. Muulize mtoto wa madrasa mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, atakwambia Muharamu, na yuko sahihi. Tangu zama za Khalifa Umar miaka ya Hijra inahesabiwa hivyo. Kisha muulize bibi yetu wa hospitalini. Yeye ana Mfunguo Mosi, na Mfunguo Mosi si Muharamu hata kidogo. Ni Shawali, mwezi unaofuata Ramadhani, ule wa Idi, watu wanapofungua baada ya siku 29 au 30 za kufunga. Halafu Mfunguo Pili. Halafu Mfunguo Tatu, ambao una Idi ya kuchinja. Muharamu yenyewe, kichwa cha mwaka kwa Waislamu wote, kwake ni Mfunguo Nne. Maulidi ya Mtume yanaangukia Mfunguo Sita. Anaendelea hivyo mpaka Mfunguo Tisa, kisha anaacha namba na kurudi kwenye majina: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Miezi mitatu ya mwisho haina namba, kama vile Alhamisi na Ijumaa zisivyofuata namba za wiki. Ni utaratibu ule ule. Kitu kikubwa kinakaa mwishoni na jina lake, na hesabu inaanza upya kikishapita.

Saa inahesabiwa baada ya jua kutoka. Wiki inahesabiwa baada ya Ijumaa. Miezi inahesabiwa baada ya Ramadhani. Watu wengine hujenga mwaka wao kama mtu anayetoka mlangoni kwenda kulifuata jambo kubwa huko mbele. Sisi hesabu yetu hutoka kwenye lililokwisha kutimia, ndipo tuseme moja. Nisiipambe sana nadharia hii, maana ukiibana utapata pa kuipinga. Tarehe mosi ya mwezi, kwa mfano, inaingia na ule mwezi mwembamba unapoonekana, hausubiriwi utimie kwanza. Hata hivyo, kwa yale matatu niliyoyataja, naisimamia.

Halafu kuna mwaka wa jua, ambao vijana wengi wa mjini wanaujua kwa picha za Makunduchi tu. Kila mwaka mwezi wa Julai, kusini mwa Unguja, watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba, wa upande mmoja wa mji dhidi ya wa upande wa pili, wakatoleana ya moyoni yaliyolimbikizana. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake huimba, na kauli wanazowatupia wanaume siku hiyo si za kusomwa redioni. Watu huenda pwani kuoga. Kwa wengi ni sherehe ya watalii. Kwa asili yake ni siku ya kwanza ya mwaka wa Waswahili, Siku ya Mwaka, au Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, yaani Iran ya leo, na ambalo huko maana yake ni siku mpya.

Sasa Wairani huadhimisha Nairuzi yao Machi, tarehe 20 au 21, usiku na mchana vinapolingana. Ya Makunduchi imefikaje Julai? Jibu liko kwenye hesabu. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Wairani wanaisahihisha ile robo. Mwaka wa zamani wa mabaharia na wakulima wa pwani yetu ulikuwa na siku 365 kamili, basi, bila mwaka mrefu. Robo hiyo usipoitia, kila miaka 4 unaachana na jua kwa siku moja, na katika miaka 100 umeshaachana nalo kwa siku 24 hivi. Mpe karne nyingi, mwanzo wa mwaka utazunguka majira yote. Wazee hawakujali sana. Siku hizo 365 walizigawa kwa miongo, yaani makumi: miongo 36, na siku 5 zikabaki. Mvuvi alijua mwongo gani kusi linaanza kuvuma na mkulima alijua mwongo gani atie mbegu, wote wawili wakihesabu kutoka Siku ya Mwaka. Leo neno mwongo tunalitumia kwa miaka kumi, na ukimwambia kijana kwamba lilikuwa la siku kumi anadhani wewe ndiye mwongo.

Na usidhani Januari mosi nayo ilishuka kutoka mbinguni. Uingereza, iliyotuachia makabrasha mengi, ilikuwa ikianza mwaka wake wa kisheria tarehe 25 Machi mpaka katikati ya karne ya 18. Mwaka 1752 ndio wa kwanza huko kuanza Januari mosi, na mwaka huo huo wakaruka kutoka Septemba 2 hadi Septemba 14 ili waende sawa na nchi nyingine za Ulaya. Mwaka wao wa kodi hadi leo unaanza tarehe 6 Aprili, masalia ya huo mwanzo wa Machi uliosogezwa. Serikali zetu za Tanzania, Kenya na Uganda nazo zina mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Wizara ya Fedha na Makunduchi wanaanza mwaka ndani ya mwezi mmoja, ingawa sijasikia kwamba walikubaliana. Mahakama ya Tanzania inaufungua mwaka wake kwa Siku ya Sheria, mwanzoni mwa Februari. Na kwa shabiki wa Simba au Yanga mwaka unaanza Agosti, mkibishana naye mtapoteza muda.

Nimeyaacha majira ya nchi mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu yanatugusa sisi wa redio kila siku. Tunapotangaza saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tunatangaza saa iliyopangwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti Dar es Salaam wala Nairobi. Unapita karibu na Mogadishu. Jua la saa sita mchana Dar es Salaam hufika utosini, kwa wastani, dakika 20 na ushei baada ya saa sita. Kigoma ni saa nzima baada ya saa sita. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa Kigoma anayeamshwa saa kumi na moja na nusu awahi shule, anaamka kwenye giza halisi, jua lake linachomoza karibu na saa moja. Apande boti aende Bujumbura, hapo hapo ziwani, arudishe saa yake nyuma kwa saa moja, maana Burundi, kama Rwanda na mashariki ya Kongo, inafuata saa za Afrika ya Kati. Huko saa kumi na mbili asubuhi ni jua linachomoza kweli. Jua ni moja, ziwa ni moja, lugha ni moja, na saa ya Kiswahili inasema kweli upande mmoja na kubahatisha upande wa pili.

Kwa walioko mbali zaidi hesabu hii inavunjika kabisa. London mwezi Desemba jua linachomoza kama saa mbili asubuhi, na Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja. Mtu hawezi kuhesabu kutoka kwenye kitu kinachohama kiasi hicho. Saa ya Kiswahili ni mali ya watu wa karibu na Ikweta, sisi na Waethiopia, ambao nao wanahesabu saa zao kama sisi, na mwaka wao mpya unaingia Septemba.

Je, tufanye nini na mianzo yote hii? Kuna wanaotaka tuachane na saa zetu, tufuate namba zinazoonekana kwenye simu, tusiwachanganye wageni. Mimi siafikiani nao. Tume ya Uchaguzi Tanzania inapotangaza kwamba vituo vitafunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, mamilioni ya watu wanafika kwa wakati, na hakuna hata mmoja anayekuja saa saba ya usiku. Mgeni ndiye wa kujifunza. Tiketi ya basi ikiandikwa 06:00 na kondakta akasema saa kumi na mbili, abiria wote wanaelewana, na hilo ni jambo la kujivunia zaidi kuliko kulionea haya.

Kwenye usiku ndiko tunakoumizana. Mtangazaji anayesema ajali ilitokea usiku wa Ijumaa amesema mambo matatu tofauti kwa wasikilizaji watatu. Kwa bibi ni jana yake. Kwa muuguzi inategemea ilikuwa kabla au baada ya saa sita. Kwa kijana ni Ijumaa jioni baada ya kazi. Kiswahili kina dawa, na ni nzuri kuliko za lugha nyingi ninazozijua: usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukisema hivyo, bibi anakuelewa, muuguzi anakuelewa, mlinzi wa getini anakuelewa, hakuna anayebaki na swali. Magazeti yanaitumia, polisi wanaitumia kwenye taarifa zao, na sisi wa redio tunaitumia tunapokumbuka.

Basi ombi langu kwenu ni hili, hasa ninyi mnaochapisha kadi za harusi na matangazo ya maulidi. Andikeni tarehe, andikeni saa, na kama shughuli ni ya usiku, andikeni ni usiku wa kuamkia siku gani. Na wewe unayesubiri mtoto wiki hii, ukijifungua Alhamisi baada ya magharibi, mwandikishe kwa tarehe ya muuguzi, kisha mwache bibi amwite Juma.